Insulini ya mshipani ifike mpakani

GARI la mizigo linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hupita Rusumo likiwa na Kadi ya Njano, ile bima ya COMESA ambayo Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa COMESA. Likimgonga mtu upande wa Rwanda, gharama za matibabu ya aliyegongwa zina mlipaji anayejulikana. Dereva wa gari hilohilo akianguka kwa kisukari hatua hamsini baada ya daraja, kadi yake ya bima ya afya ni plastiki tu. Mlipaji ni yeye, au tanboi wake, au wenzake watakaochangishana kwenye foleni.

Leo tunazungumzia kipande kimoja cha tatizo hilo, kwa sababu ni kipande kinachoua haraka na kinachoweza kurekebishwa bila kusubiri mkataba mpya. Ni insulini ya kuingizwa mshipani. Wengi wanaijua insulini ya kujichoma tumboni au pajani. Ya mshipani ni kazi ya hospitali, ni ya dharura, na kwa mgonjwa ambaye damu yake imejaa tindikali hakuna dawa nyingine inayochukua nafasi ya insulini. Tunasema iwepo, pamoja na vitu vinavyoandamana nayo, katika hospitali ya kwanza anayoikuta msafiri kila upande wa mipaka yetu mikubwa: Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Holili, Rusumo, Kabanga, Sirari, Horohoro. Leo mtu akizidiwa Namanga usiku, akaambiwa apelekwe Arusha, ana kama kilomita 110 mbele yake, na ugonjwa huu hausubiri safari ndefu.

Tueleze kwanza ugonjwa wenyewe, maana mpakani huitwa kwa majina mengi: malaria, homa ya matumbo, sumu, hata pombe.

Mwili ukikosa insulini, sukari hujaa kwenye damu lakini seli haziwezi kuitumia. Mwili unaona njaa katikati ya shibe. Unaanza kuyeyusha mafuta yake ili upate nguvu, na mabaki ya kuyeyusha huko huitwa ketoni, ambazo ni tindikali. Sukari iliyozidi inatoka na mkojo ikivuta maji pamoja nayo, kwa hiyo mgonjwa anakojoa usiku kucha, anakunywa chupa kwa chupa, na bado midomo inakauka. Kisha tumbo linauma, anatapika, anapumua kwa kina na kwa kasi kama mtu aliyepandisha mlima, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hali hiyo madaktari wanaiita ketoasidosisi. Mtu aliyekuwa akibeba marobota jana anaweza kuwa amepoteza fahamu kesho.

Kwa wenye umri mkubwa na kisukari cha aina ya pili kuna hali nyingine inayofanana nayo. Sukari inapanda sana bila ketoni nyingi, mwili unakauka kwa siku kadhaa, na mgonjwa anafikishwa hospitali akiwa haeleweki anachosema, ndugu wakiamini ni kiharusi. Huyu naye anahitaji maji na insulini chini ya uangalizi uleule.

Maisha ya biashara ya mpakani yanakaribisha balaa hili. Anayefuata vitenge, mchele, dagaa au mitumba analala gesti, anakula chipsi saa nne usiku au hali kabisa, anakaa kwenye foleni saa nyingi kuliko alivyopanga. Insulini aliyobeba ilikuwa ya siku tatu, na safari imekuwa ya sita. Wapo wanaojiambia: sijala, basi sichomi. Hilo ndilo kosa linalowafikisha wengi wodini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji insulini hata siku ambayo hajatia kitu tumboni, na siku anayoumwa homa huenda akahitaji zaidi ya kawaida. Kuna kiasi cha kupunguza na kuna wakati wa kupunguza, lakini kuacha kabisa hakumo. Daktari au muuguzi wa kliniki anapaswa kumpangia mgonjwa siku hizo kabla hajasafiri, na mgonjwa naye amwambie kliniki ukweli kwamba yeye ni mtu wa njiani.

Wengine hawajui hata kama wanao ugonjwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajawahi kugunduliwa, kiwango kikubwa kuliko eneo lolote jingine duniani. Kwa baadhi yao, hasa vijana, habari ya kwanza kwamba wana kisukari ni siku hiyo wanapozimia.

Sasa fikiria amefikishwa kituo cha afya cha mpakani. Kosa la kwanza linaweza kutokea mapokezini. Dripu inaaminika sana kwetu. Mtu hajatibiwa mpaka chupa itundikwe. Lakini chupa hizo si kitu kimoja. Ipo ya maji ya chumvi na ipo ya maji ya sukari, na mgonjwa aliyelegea akitundikiwa ya sukari bila kupimwa kidole, anaongezewa kilekile kinachomuua. Kupima kidole kunachukua chini ya dakika moja. Hakuna sababu ya kituo chochote kilicho kando ya barabara kuu kukosa mita ya sukari na vijiti vyake, wala vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo.

Na hapo kwenye mita kuna mtego unaowahusu wavuka mpaka peke yao. Mita nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda husoma kwa millimoli. Upande wa Rwanda, Burundi na Kongo mara nyingi husoma kwa miligramu. Sukari ileile ni 14 hapa na ni 250 pale. Aliyezoea namba ndogo akiona 250 anaweza kudhani mashine imeharibika, na aliyezoea namba kubwa akiona 14 anaweza kupumua kwa raha wakati hapaswi. Ni hesabu ya kubadilisha fedha tu, na kiwango chake hakipandi wala hakishuki: millimoli zidisha kwa 18 upate miligramu.

Tiba yenyewe huanza na maji. Mtu mzima anaweza kupewa karibu lita moja ya maji ya chumvi ndani ya saa ya kwanza, kwa sababu amekauka kiasi kwamba damu haizunguki vizuri. Insulini inafuata: ile inayofanya kazi haraka, maangavu kama maji. Ile yenye ukungu haiingizwi mshipani hata siku moja. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya kumi ya yuniti kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani mtu wa kilo 70 anapata yuniti saba kwa saa. Sababu ya kupitia mshipani ni hiyohiyo ya ukavu. Insulini ikichomwa chini ya ngozi ya mtu ambaye damu yake haifiki huko vizuri, hujui itaingia lini wala kiasi gani. Mshipani inaingia papo hapo, na ukifunga bomba inaisha nguvu ndani ya dakika chache. Daktari anakuwa ameshika usukani.

Usukani huo una hatari zake, na ndiyo maana tunasisitiza vitu vinavyoandamana na dawa kuliko dawa yenyewe. Cha kwanza ni potasiamu. Insulini inasukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Mgonjwa huyu tayari amepoteza nyingi kwa kukojoa na kutapika, hata kama kipimo cha mwanzo kinaonyesha ya kutosha. Ikishuka mno, moyo unapiga ovyo na unaweza kusimama. Miongozo iliyotumika kwa miaka mingi inasema potasiamu ikiwa chini ya 3.3, insulini ingoje kwanza mgonjwa aongezewe potasiamu. Hospitali yenye insulini kabatini na isiyoweza kupima potasiamu inamtibu mtu kwa kubahatisha, na mashine ya kipimo hicho ni ndogo kuliko vifaa vingi tulivyoona vikizinduliwa kwa utepe katika vituo vya forodha.

Cha pili ni kujua lengo. Sukari inashuka mapema kuliko tindikali. Ikifika kama 14, wauguzi wazoefu hawafungi insulini; wanaongeza maji ya sukari, safari hii kwa sababu sahihi, ili insulini iendelee kusafisha ketoni bila sukari kushuka kupita kiasi. Ndugu wakiona hivyo hugomba: jana mlituambia sukari ni sumu, leo mnamtundikia! Waelezwe. Cha tatu ni kuondoka kwenye dripu. Kwa kuwa insulini ya mshipani inaisha upesi, mgonjwa lazima achomwe ile ya muda mrefu saa moja au mbili kabla bomba halijafungwa. Akifunguliwa asubuhi ili awahi basi, bila sindano hiyo, jioni ketoni zinaweza kuwa zimerudi, na jioni yuko Singida.

Utaambiwa kwamba hospitali ndogo haiwezi, kwa sababu haina pampu ya kuhesabia matone. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi tunaoandika. Mwaka 1973 George Alberti na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba dozi ndogo za insulini, zikichomwa kwenye msuli saa baada ya saa, zinamrudisha mgonjwa wa ketoasidosisi. Kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya kabisa njia hiyo bado inatambuliwa pale pampu inapokosekana. Kinachohitajika ni muuguzi anayekaa karibu, saa ya ukutani, kidole kinachopimwa kila saa na karatasi ya kuandika. Pampu ni bora. Lakini kukosa pampu hakumaanishi mgonjwa apakiwe kwenye Noah kwenda kilomita mia.

Alberti huyohuyo baadaye alifanya kazi na madaktari wa Muhimbili, akiwamo Donald McLarty na Andrew Swai, katika tafiti zilizoweka kisukari cha Tanzania kwenye ramani ya dunia. Wakiwafuatilia wagonjwa 1,250 waliofika Muhimbili kati ya mwaka 1981 na 1987, watafiti hao walikuta ketoasidosisi na maambukizi miongoni mwa mambo makubwa yaliyowaua. Maarifa haya basi yametoka kwetu, kwa wagonjwa wetu. Miaka arobaini imepita. Insulini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Kuna kisingizio kingine cha joto: kwamba insulini haikai mpakani kwa sababu umeme unakatika. Jokofu linatakiwa kwa akiba, hilo halina ubishi. Lakini watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto halisi katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, kisha wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo, nyuzi 25 hadi 37, kwa wiki nne. Nguvu yake haikupungua kiasi cha kuleta tofauti. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Chupa iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa kivulini, kwenye chungu chenye unyevu au mfuko uliolowekwa, mfanyabiashara akaendelea na safari. Isiachwe kwenye dashibodi ya lori juani, na isigandishwe. Ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena.

Tunalo neno pia kwa wanaopenda kununua matumaini. Tumeeleza kwamba insulini ya mshipani inaokoa kwenye dharura. Kuna wajanja waliochukua ukweli huo wakautanua. Nchini Marekani zilifunguliwa kliniki za kuwatundikia wagonjwa wa kisukari insulini kwa mapigo, kwa saa kadhaa, tena na tena kila wiki au mwezi, kwa ahadi kwamba itaponya figo, macho, vidonda vya miguu na ganzi. Medicare, bima ya serikali inayohudumia wazee, ilipitia ushahidi na mnamo Desemba 2009 ikaamua kutolipia tiba hiyo kwa sababu haikuthibitika kwamba inawasaidia wagonjwa. Biashara haikufa. Huko Alabama, mwaka 2016, ulipelekwa muswada wa kuilazimisha bima binafsi iilipie. Mwenye mtandao wa kliniki hizo alishtakiwa mwaka 2018 kwa kumhonga mbunge ili muswada upite, na mwaka uliofuata akakiri kosa.

Hadithi ya Alabama iko mbali, lakini imani yetu katika dripu iko karibu, na mtu mwenye ganzi miguuni yuko tayari kuuza ng'ombe. Akija mtu katika mji wowote wa mpakani akikuambia kwamba chupa yake ya insulini kila Jumamosi itarudisha figo zako, jua kwamba anauza jambo ambalo bima kubwa kabisa za Marekani zililikataa. Figo na macho hulindwa na kazi isiyo na mbwembwe: sukari na shinikizo la damu kudhibitiwa kila siku, macho kupimwa, miguu kukaguliwa. Hatuna raha kuandika hivyo, maana hakivutii kama dripu, ila ndicho kilichothibitika.

Turudi kwa wenye mamlaka. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Novemba 1999, inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya, na magonjwa yasiyoambukiza yametajwa humo. Mwaka 2012 Arusha ilizindua mpango wa kulinganisha usajili wa dawa. Soko la pamoja lina umri wa zaidi ya miaka kumi tangu Julai 2010. Mfanyabiashara mdogo mwenye shehena ya hadi dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi wa forodha, karatasi moja, dirisha moja. Tumeweza kurahisisha njia ya gunia la mahindi. Mawaziri wa afya wakikutana tena, tunataka walete mezani mambo yafuatayo na waondoke na tarehe.

Hospitali zinazohudumia kila kituo cha pamoja cha mpakani zitajwe kwa jina, pande zote mbili, na kila moja ihakikishwe kuwa na maji ya chumvi, insulini ya haraka, vijiti vya sukari na ketoni, na kipimo cha potasiamu kinachofanya kazi usiku na mwishoni mwa wiki. Wauguzi wake wafundishwe mwongozo mmoja, ulioandikwa kwa millimoli na kwa miligramu kwenye ukurasa uleule. Gari la wagonjwa livuke kwenda hospitali iliyo karibu zaidi hata kama bendera yake ni nyingine, na pasi ya mgonjwa igongwe muhuri akiwa kitandani. Kuhusu malipo, tunajua ni pagumu: Kenya ilihama kutoka NHIF kwenda SHA mwaka 2024, Rwanda ina Mituweli, Uganda haina bima ya taifa kabisa. Kwa hiyo tusianze na bima yote. Tuanze na saa 24 za kwanza za dharura, nchi zilipane zenyewe baadaye kama zinavyolipana madai ya Kadi ya Njano. Mgonjwa asishikiliwe, na maiti isizuiwe kwa deni.

Wakati hayo yanangojwa, yako yaliyo mkononi mwa msomaji. Beba insulini ya safari mara mbili ya siku ulizopanga, nusu yake kwenye mkoba ulio mwilini, kamwe isiwe yote kwenye buti la basi. Beba barua ya daktari au cheti cha dawa chenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho; afisa wa forodha akikuta sindano, mwonyeshe kabla hajauliza. Andika jina la insulini yako, dozi na namba ya ndugu kwenye karatasi iliyo pamoja na pesa, maana hapo ndipo kila anayekuokota atatafuta kwanza. Mweleze tanboi, mwenye gesti na mwenzako wa kibanda kwamba una kisukari. Na wewe mwenzake, ukimkuta anatapika na anapumua kama aliyekimbia, usimpe soda wala usimchome dawa yake kwa kukisia. Mfikishe kituoni, na kabla chupa yoyote haijatundikwa, mwambie mhudumu ampime sukari.